Kata Imeuza Siri ya Mtungi

Mnunuzi hakuinua hata macho. Aliketi nyuma ya meza ya mbao chini ya turubai, kikokotoo mkononi, na ile mashine ya kupimia madini tunayoiita Metorex imelala pembeni yake kama bastola. Mbele yake alisimama dada yangu mkubwa, yaya kama tunavyosema kwetu Kolwezi, Kongo, viroba vyake vya jiwe jeusi la kobalti vimepangwa nyuma yake kwenye vumbi jekundu. Yaya akataja bei anayoitaka. Mnunuzi akacheka kidogo.

"Mama, tusichoshane. Jiwe hili umelinunua kwa hesabu hii." Akaitaja, mpaka faranga ya mwisho. "Lori umelilipa hivi. Pesa yenyewe umekopa, na mwenye nayo anaitaka Ijumaa. Basi bei yangu ndiyo hii."

Yaya hakuwa amemwambia mtu yeyote sokoni alinunua kwa bei gani. Alikuwa ameiandika mahali pamoja tu: kwenye fomu aliyoijaza siku tatu nyuma katika ofisi moja ya Leta, yaani serikali, mbele ya karani aliyemwambia kwa upole, "Mama, acha dosye hapa, shefu ataiona." Uzito wa kila loti, teneur (kiwango cha madini) ya jiwe, chimbo lilikotoka, bei ya kununulia, aliyemkopesha. Aliandika yote, kwa sababu alilelewa kuamini kwamba mtu mwaminifu haifichi serikali kitu. Shefu aliiona dosye. Na mnunuzi pia aliiona. Yaya akauza kwa hasara, akalipa deni la Ijumaa, na biashara ya madini akaiacha palepale. Siku hizi anauza vitenge.

Ofisi ile sitaitaja. Miaka imepita, karani alishahama, na ushahidi pekee nilio nao ni uso wa yaya siku ile. Lakini muulize mchuuzi yeyote kuanzia soko la Musompo hadi Fungurume habari ya bei iliyofika kwa mnunuzi kabla ya mzigo wenyewe. Hatashangaa. Atakuuliza tu siri yako wewe iliuzwa kwa bia ngapi baridi za Simba.

Wahenga walisema siri ya mtungi muulize kata. Mdhibiti wa biashara, awe wa madini, wa forodha au wa bandari, ni kata yetu. Tunamruhusu azame kwenye mtungi wa kila mtu, ajue maji yamefika wapi na chini kumelala tope gani. Ni haki yake, maana bila hilo hakuna kodi, hakuna usalama, hakuna ushindani wa haki. Ila kata inayotoka mtungini ikaenda kutangaza sokoni imegeuka chombo cha wizi, hata ikiwa na muhuri wa Jamhuri.

Na huo ni upande mmoja tu wa aibu yetu. Upande wa pili ni kwamba mtungi mkubwa, ule wa wote, wenye shaba na kobalti ya taifa zima, umefunikwa kwa kifuniko cha chuma na juu yake pameandikwa "siri ya biashara". Hapa mkoani Lualaba tumepindua dunia miguu juu. Mkataba wa mali ya umma tunaufungia kabatini kwa kufuli tatu. Bei ya mama mwenye viroba tunaiacha mezani, dirisha wazi, upepo uichukue.

Ukidhani haya ni mambo ya viroba na makarani wenye mshahara mdogo, rudi kwenye mwaka 2025. Tarehe 22 Februari, ARECOMS, mamlaka inayodhibiti soko la madini ya kimkakati, ilisimamisha usafirishaji wa kobalti nje ya nchi kwa miezi minne. Bei ilikuwa imeporomoka hadi karibu dola 10 kwa ratili, na sisi ndio tunaotoa sehemu kubwa kuliko nchi zote duniani. Juni ikaongezwa miezi mitatu. Septemba likatoka tangazo kwamba kuanzia tarehe 16 Oktoba mlango utafunguliwa kwa mgawo: tani 18,125 kwa muda uliobaki wa mwaka huo, kisha tani 96,600 kwa mwaka 2026 na nyingine kama hizo kwa 2027. Bei ikapanda zaidi ya maradufu. Niliunga mkono hatua ile na siijutii. Nchi yenye kisima haina sababu ya kuuza maji kwa bei ya mchanga.

Lakini fikiria mgawo unagawanywaje. Lazima ujue kila kampuni ilisafirisha kiasi gani miaka iliyopita. Lazima ujue ghalani zimebaki tani ngapi, nani amefungwa na mkataba wa kupeleka mzigo mwezi ujao, nani anaweza kusubiri na nani hawezi. Ukishayajua hayo yote unakuwa umeshika mgodi wa pili, mgodi wa karatasi, na huu hauna haja ya sepetu. Soko la kobalti linaendeshwa kwa kujua nani amekwama. Ile Ijumaa ya yaya, iliyomfanya auze kwa hasara, kampuni kubwa nazo zinayo. Tofauti ni sifuri ngapi zinafuata nyuma ya tarakimu.

Amri ile ya Februari ilianza tarehe 22. Dunia ilitangaziwa tarehe 24. Katika siku hizo mbili, na katika siku za maandalizi kabla yake, ni watu wangapi walijua? Simtuhumu mtu. Nauliza swali ambalo hata mlinzi wa ghala la unga hulijibu kila jioni: nani aliingia, saa ngapi, akatoka na nini? Kama daftari hilo lipo, tuonyeshwe kwamba lipo. Kama halipo, basi tumejenga benki ya siri za dunia na kusahau kuweka mlango.

Kuna jingine, na hili ndilo linaloninyima usingizi. Katika zile tani 96,600 za mwaka, tani 87,000 ni za kugawia kampuni, na tani 9,600 ni mgawo wa kimkakati unaobaki mikononi mwa mamlaka yenyewe, kwa ajili ya miradi yenye umuhimu kwa taifa. Nia yaweza kuwa njema. Lakini mwamuzi amevaa njumu. Anajua akiba ya kila timu, anajua nani ana jeraha la goti, kisha naye ana mpira wake wa kupiga. Hata akiwa malaika, nani ataamini matokeo? Na kabla ya mgawo huo, kwa dikrii ya Novemba 2019, kampuni tanzu ya Gécamines, kampuni ya madini ya Leta, iitwayo Entreprise Générale du Cobalt ilipewa haki ya pekee ya kununua kobalti yote ya wachimbaji wa mkono. Leta ile ile inayokulazimisha kuandika bei kwenye fomu ndiyo inayotaka kukununulia. Sasa wewe mchuuzi, ukifika kwenye mstari wa "bei ya kununulia", utaandika ukweli?

Hutaandika. Na hapo ndipo msiba unapozaliwa. Siri ikivuja mara moja, fomu elfu zinazofuata zinajazwa uongo. Mdhibiti anabaki na makabati yaliyojaa tarakimu za kubuni, waziri anasimama bungeni kuzisoma, na taifa linapanga bajeti juu ya ndoto. Kwa hiyo anayelinda siri ya mfanyabiashara hamfanyii hisani. Anaulinda ukweli wa nchi.

Tuifuate sasa shaba ikitoka Kolwezi. Hapa Lualaba hatuna bahari. Bandari zetu ziko ugenini: Dar es Salaam, iliyo zaidi ya kilomita 2,000 kwa barabara, Durban, Beira, Walvis Bay, na sasa Lobito kwa reli ya Angola. Simama mpakani Kasumbalesa asubuhi utazame lori moja lenye bamba za shaba safi. Dereva ameshika bahasha imechakaa pembe. Ndani yake mna namba ya loti, uzito, idadi ya vifurushi, namba ya lakiri, jina la mwenye mzigo, jina la mnunuzi, thamani, na njia atakayopita. Bahasha inaingia dirisha hili, inatokea lile. Anaisoma wa forodha, anaisoma wa ubora, wa uhamiaji anaichungulia ingawa haimhusu, wakala anaipiga picha kwa simu na kuirusha kwenye kundi la WhatsApp "ili kazi iende haraka". Kisha lori linavamiwa njiani, mzigo unayeyuka, na tunashangaa majambazi walijuaje lori lipi limebeba shaba na lipi limebeba mifuko ya mahindi. Walisoma bahasha, kama wengine wote.

Bandarini nako tusijidanganye. Sheria ya mwaka 2017 iliyoiunda TASAC, mdhibiti wa huduma za meli na bandari Tanzania, ilimpa mdhibiti huyohuyo kazi ya pekee ya uwakala wa forodha kwa mizigo fulani, madini na mashine za migodini yakiwemo. Mawakala binafsi walilalamika, na malalamiko yao yalikuwa na mguu wa kusimamia. Mdhibiti ana mamlaka ya kukuomba vitabu vyako: wateja wako ni nani, unawatoza kiasi gani. Unampa kwa sababu ni sheria. Kesho anaweza kuamkia mlango wa mteja wako, akiwa na koti jingine. Mtu mmoja, makoti mawili, mfuko mmoja wa siri.

Na Lobito, reli inayosifiwa kila mkutano? Kampuni inayoiendesha upande wa Angola, kwa mkataba wa miaka 30, inamilikiwa na Trafigura kwa asilimia 49.5, Mota-Engil kwa asilimia 49.5, na Vecturis kwa asilimia iliyobaki. Trafigura ni miongoni mwa wafanyabiashara wakubwa wa madini duniani. Maana yake ni kwamba mshindani wake akitaka kupeleka shaba yake baharini kwa reli ile, atamwandikia mchukuzi wake tani ngapi, lini, zinaenda kwa nani, na nusu ya mchukuzi huyo ni mpinzani wake sokoni. Sisemi kuna aliyechungulia. Nasema ukuta kati ya chumba cha reli na chumba cha biashara usiachwe kuwa ahadi ya mdomo. Uandikwe, ukaguliwe na mtu wa nje, na akivunja mtu atozwe faini ya kumuuma. Reli yenyewe naitaka. Hata yaya anaitaka, vitenge vyake vifike haraka.

Nimeitetea siri ya mfanyabiashara mpaka hapa, na huenda bwana mmoja mwenye ofisi ya vioo anasoma huku akitikisa kichwa kwa furaha. Asitikise sana. Zamu yake imefika.

Tangu vita viishe, kila mkataba mkubwa wa ukanda huu umezaliwa gizani. Tume ya Lutundula ilikagua mikataba iliyotiwa saini wakati wa vita na kukabidhi ripoti mwaka 2005. Ripoti ikafichwa, wananchi wakaiona mwanzoni mwa 2006 baada ya kuvuja. Aprili 2008 ukaja mkataba wa Sicomines, kampuni inayochimba hapahapa mjini kwetu, Mashamba na Dikuluwe: shaba kwa barabara, Gécamines asilimia 32, Wachina asilimia 68. Ilipofika Februari 2023, Ukaguzi Mkuu wa Fedha ukatwambia kwamba kati ya dola bilioni 3 za miundombinu zilizoahidiwa, zilizotumika ni milioni 822 tu. Miaka 15! Mwaka 2024 mkataba ukafanyiwa marekebisho, na ahadi ikapandishwa hadi dola bilioni 7. Jiulize, kama vipengele vyote na hesabu za kila mwaka vingekuwa vinabandikwa ukutani manispaa ya Dilala, tungesubiri miaka 15 kugundua kwamba barabara hazionekani?

Mwaka 2011 Gécamines iliuza hisa zake za asilimia 25 katika Comide, mgodi wa ukanda huuhuu, kwa kampuni iliyoandikishwa kwenye visiwa vya mbali. Shirika la Fedha la Kimataifa likaomba mkataba uchapishwe wote. Haukuchapishwa kama ilivyotakiwa, na mwishoni mwa 2012 shirika likafunga programu yake na Kongo. Nchi nzima ilikosa mkopo ili karatasi chache zisisomwe. Kinachochoma zaidi ni kwamba dikrii ya serikali yenyewe, ya tarehe 20 Mei 2011, inaamuru kila mkataba wa maliasili uchapishwe ndani ya siku 60. Tunayo sheria. Tumeitundika kama kalenda ya mwaka jana.

Jopo la Maendeleo ya Afrika, lililoongozwa na Kofi Annan, lilikadiria mwaka 2013 kwamba kati ya 2010 na 2012 Kongo ilipoteza dola bilioni 1.36 kwa kuuza mali zake za madini chini ya bei katika mikataba mitano. Bilioni moja na ziada, miaka miwili, mikataba mitano. Na hata Februari 2022, serikali ilipopatana na Dan Gertler, mfanyabiashara aliyewekewa vikwazo na Marekani tangu Desemba 2017, makubaliano yalikaa gizani kwa miezi hadi mashirika ya kiraia yakapiga kelele ndipo yakatolewa. Hiyo siri ilikuwa inamlinda nani? Mshindani gani angeiiba? Katika mkataba wa umma, mshindani anayeogopwa ni mwananchi.

Njoo sasa kwenye hesabu inayokuhusu wewe wa kijijini. Sheria ya madini ya mwaka 2018 inataka kila mgodi utoe walau asilimia 0.3 ya mauzo yake ya mwaka kwa jamii zinazouzunguka. Chukua kalamu. Mgodi ukiuza kwa dola bilioni moja, jamii ina dola milioni tatu: shule, visima, zahanati. Ukisema umeuza kwa milioni 700, jamii ina milioni mbili na laki moja. Hapo katikati kuna dola laki tisa. Chifu akitaka kujua ni hesabu ipi ya kweli, akiambiwa kwamba mauzo ni siri ya kampuni, atafanya nini? Huwezi kupewa asilimia ya kitu usichoruhusiwa kukijua. Hiyo ni sadaka, na sadaka haihojiwi.

Kinachonitoa povu ni kwamba si siri hata kidogo! Ivanhoe Mines, yenye hisa Kamoa-Kakula magharibi ya mji wetu, ipo kwenye soko la hisa la Toronto, na kila robo mwaka inachapisha tani zilizozalishwa na gharama ya kila ratili. Glencore, iliyo kwenye soko la hisa la London, inachapisha uzalishaji wa KCC na Mutanda. CMOC, yenye Tenke Fungurume, ipo kwenye masoko ya hisa ya Hong Kong na Shanghai, nayo inatoa hesabu zake. Kijana wa Toronto mwenye hisa kumi anajua mgodi wa Kamoa ulitoa shaba kiasi gani. Mzee wa Kamoa, anayesikia baruti usiku na kupangusa vumbi lake asubuhi, haambiwi. Siri ambayo dunia nzima inaisoma isipokuwa mwenye ardhi ina jina lake kwa Kiswahili. Inaitwa dharau.

Na Leta nayo, inapokubali kutojua, hulipa. Agosti 2021 iliundwa tume kuchunguza kama Tenke Fungurume ilitangaza akiba ya madini pungufu ya iliyomo ardhini. Gécamines ina asilimia 20 ya mgodi ule, ni mbia, anakaa meza moja na mwenziwe, na ilibidi agombane mahakamani ili kujua mali yake ni kiasi gani. Kuanzia Julai 2022 mzigo ukazuiwa kutoka. Aprili 2023 ukapatikana mwafaka wa dola bilioni mbili: milioni 800 za kumaliza mgogoro, na gawio la walau bilioni 1.2 katika uhai wa mradi. Wazee wetu walikuwa wakisema Gécamines ni baba, Gécamines ni mama. Ni baba gani huyu asiyejua shamba lake lina miti mingapi?

Halafu tazama tunamwadhibu nani. Karani aliyeuza fomu ya yaya alikunywa bia yake akalala. Lakini watumishi wawili wa benki moja ya Kinshasa, waliotoa nje nyaraka zinazodaiwa kuonyesha jinsi fedha zilivyopitishwa kukwepa vikwazo vile vya Marekani dhidi ya Gertler, walihukumiwa kifo mwaka 2020 bila wao kuwepo mahakamani, na wenyewe walijua hukumu yao miezi baadaye. Kifo! Anayeuza siri ya mnyonge ni mjanja. Anayefichua fedha za umma ni mhaini. Hapo hakuna cha udhaifu wa ofisi. Kuna uamuzi kwamba siri ni haki ya mwenye nguvu.

Najua nitakayojibiwa. "Ukianika mikataba, wawekezaji watakimbia." Wakimbie waende wapi? Shaba haihami. Mei 2022 Mahakama Kuu ya Mombasa iliiamuru serikali ya Kenya itoe mikataba ya reli ya SGR kwa wanaharakati wawili walioidai, na Novemba mwaka huo waziri mpya wa uchukuzi akatoa sehemu ya mkataba wa mkopo wa 2014, uliokuwa na kifungu cha kumfunga mkopaji mdomo. Treni bado inakwenda. Tanzania nayo ilionja upande wa pili: makubaliano ya bandari na Dubai yalitiwa saini Oktoba 2022, wananchi wakaja kuyasoma Juni 2023, na ghadhabu iliyolipuka ilitokana na kufichwa kwake sawasawa na yaliyoandikwa ndani. Kificho hakileti utulivu. Kinaahirisha ugomvi na kuuongezea riba.

Wengine watasema najipinga: natetea siri, kisha naishambulia. Sijipingi. Mama mwenye nyumba anafunga mlango wa chumba chake cha kulala, lakini haruhusu mpangaji afunge mlango wa kisima cha wote. Bei uliyonunulia leo, orodha ya wateja wako, namna yako ya kusafisha jiwe, saa ambayo lori lako litapita Kasumbalesa: hivyo ni chumba chako. Mkataba na Leta, akiba iliyomo ardhini, tani zilizotoka, kodi iliyolipwa, jina la mwenye kampuni wa kweli: hivyo ni kisima. Mtoto wa darasa la nne anaweza kuvitenganisha. Anayeshindwa kuvitenganisha analipwa ili ashindwe.

Kwa hiyo nadai, na nadai kwa majina ya vitu. Kila fomu ya mdhibiti igawanywe pande mbili, upande wa siri na upande wa wazi, na ipigwe chapa tangu siku ya kwanza, si siku ya kuulizwa. Kila anayefungua upande wa siri aandike jina lake na saa, na mwenye fomu awe na haki ya kuliona daftari hilo. Siri iwe na umri: bei ya leo ni siri, bei ya miaka miwili iliyopita ni historia, iachwe wazi wasomi na waandishi waisome. Karani au mkurugenzi atakayevujisha afukuzwe na amlipe fidia aliyeumizwa, kutoka mfukoni mwake. Mdhibiti asinunue, asiuze, asiwe wakala, asiwe na tani hata moja sokoni. Na dikrii ya Mei 2011 itekelezwe: siku 60, mkataba mzima na viambatisho vyake, kwa Kifaransa, na muhtasari kwa Kiswahili, ubandikwe kwenye ofisi ya kila sekta, usiishie kwenye tovuti inayofunguka siku umeme ukipenda.

Hakuna lolote kati ya hayo linalohitaji mkopo wa Washington wala mtaalamu wa Brussels. Linahitaji daftari, kalamu, kufuli moja, na mtu anayeogopa sheria.

Juzi mtoto wa yaya aliniletea fomu nimsaidie kujaza. Ameamua kuingia kwenye uchuuzi wa madini, ujana ni kitu cha ajabu. Tulikaa kwenye duka la mama yake katikati ya vitenge, tukajaza jina, anwani, chimbo, uzito. Tukafika kwenye mstari wa bei ya kununulia, kalamu ikasimama. Yaya alikuwa anakunja kitambaa upande wa pili wa meza, wala hakugeuka.

"Hapo andika kweli," akasema, "ni sheria. Lakini kabla hujaiacha mezani kwao, muulize jina lake huyo atakayeisoma."